Linafika Magomeni?

Benchi letu lilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwenye baraza ninaposhonea nguo, na mwaka ule halikukosa watu, maana mafuta yalikuwa yameadimika na wenye shughuli na wasio na shughuli wote walijikuta hawana pa kwenda. Vituo vya petroli vilifunguliwa kwa kubahatisha. Jumapili ikishafika saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani bila kibali, kwa sababu taifa lilikuwa linabana matumizi. Basi Jumapili mchana mtaa mzima ulikuwa wa watoto na mipira yao ya matambara, sisi tukiwa na birika la Bushiri muuza kahawa, kashata zikipatikana, na maneno, ambayo hayakuadimika hata siku moja. Mimi naitwa Mgeni, ingawa nimezaliwa nyumba ya pili kutoka hapo.

Jumapili ninayoisimulia tulikuwa na kitu cha kuangalia. Mbele ya benchi kilisimama kigari cha Fiat, rangi ya maziwa, kisicho na injini. Kilikuwa mali ya Mbaruku, fundi umeme wa magari wa kule Gerezani, mtu mpole ambaye ukimkatiza hamalizi sentensi. Tulimwita Waya. Injini ilipokufa kabisa na spea hazipatikani, Mbaruku aliitoa, akaweka mota ya mashine ya kunyanyulia mizigo aliyoinunua kwenye mnada wa vyuma chakavu bandarini, kisha akapanga betri za lori kila penye nafasi: mbele chini ya boneti, nyuma kwenye shimo la injini, hata chini ya kiti. Gari la umeme. Alikuwa amelileta tulione mara ya mwisho, kwa sababu kesho yake angezing'oa zile betri amuuzie Filbert.

Filbert alikuwa dereva wa lori la Zambia, mtu wa Masasi, kifua kipana, sauti ya honi. Jina lake kijiweni lilikuwa Tunduma, maana kila hadithi yake iliishia huko mpakani. Lori lake lilikuwa limelala yadi majuma kadhaa kwa kukosa betri, na mtu wa barabara akikaa benchi muda mrefu huanza kugombana na nzi.

— Kutoka Gerezani mpaka hapa limekuja lenyewe? — aliuliza Elisaria.

Huyu alikuwa karani wa wizara, Mpare wa Same. Tangu waambiwe wizara itahamia makao makuu mapya alikuwa amefunga nguo zake sandukuni tayari kwa safari, wala hajazifungua. Tulimwita Dodoma.

— Lenyewe, — alijibu Mbaruku.

— Hukulisukuma?

— Leo hapana.

— Hiyo "leo" ndiyo inayonitia wasiwasi.

— Ndugu zangu, — Filbert akaweka kikombe chini. — Waya namheshimu. Lakini gari ni safari. Gari lisilofika Tunduma ni kabati lenye matairi.

— Tunduma umezidisha, — akasema Elisaria. — Mimi kipimo changu Dodoma. Wizara ikihama kesho, nipande hili nifike Kibaha nianze kugonga milango ya watu kuomba umeme?

— Kibaha yenyewe halifiki!

— Linafika wapi kwani, Waya? — aliuliza Bushiri huku akimimina.

— Inategemea, — Mbaruku alianza. — Siku ile lilikwenda Ilala likarudi, likanizimikia Mtaa wa Lindi. Lakini betri zilikuwa hazijajaa, halafu nilikuwa nimebeba...

— Ilala! — Filbert akapiga paja. — Ilala mimi naenda kwa miguu na kandambili!

Mbaruku akapangusa kioo cha mbele kwa kiganja. Nilimwonea huruma. Mwaka mzima jioni zake alizimaliza chini ya kile kigari, na mkewe alishaacha kumuuliza anafanya nini.

— Dawa ipo, — akasema Elisaria, maana hakupenda kuona mtu mnyonge. — Kila kijiji cha ujamaa njiani kiwe na ghala la betri. Ukifika unavua zilizochoka, unavaa mpya, unatia saini, unaondoka. Chalinze, Morogoro, Gairo, upo Dodoma umechana nywele.

— Na zile zilizochoka nani anazichaji kijijini pasipo umeme? — aliuliza Filbert.

— Kamati.

Tulicheka mpaka Bushiri akamwaga kahawa. Lakini naye alikuwa na lake.

— Nyinyi mnahangaika na maghala, wakati baiskeli ina dinamo? Weka dinamo kila gurudumu. Gari linakwenda, dinamo zinazunguka, betri zinajaa. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo linavyozidi kushiba. Utafika Tunduma umeme unamwagika, uwagawie wenyeji wapigie pasi!

— Haiwezekani, Bushiri, — alisema Mbaruku. — Dinamo nayo inakula...

— Inakula nini? Ya baiskeli yangu inakula nini?

— Miguu yako, — nikasema mimi.

— Sikilizeni mtu aliyetembea, — Filbert alisimama, na akisimama ujue tumekwisha. — Mlima Kitonga mnaujua? Lori likishuka pale na shehena linataka kuruka. Nguvu yote ile unaizuia kwa breki, breki zinanuka, nguvu inapotea bure. Sasa mota ile ile ukiifanya ikushike badala ya kukusukuma, wakati wa kushuka si itatengeneza umeme?

Kwa mara ya kwanza Mbaruku aliacha kioo akageuka.

— Hilo, — akasema taratibu, — hilo kweli linawezekana.

— Umeona! — Filbert akafurahi kama aliyepata leseni upya, kisha akakumbuka upande wake. — Lakini ili ushuke Kitonga lazima ufike Kitonga kwanza. Hesabu ni ile ile. Kesho nakuja na mkokoteni kuchukua betri.

Hapo ndipo Kuruthumu alipotokea. Tulimjua sote, nyumba yake mkono wa kushoto ukielekea Msimbazi, lakini hakuwa mwanamke wa kusimama kijiweni. Alikuwa na kanga mpya, hina mbichi viganjani, na uso wa mtu aliyetoka kulia akajifuta haraka.

— Shikamoo, mama, — tukasema.

— Marahaba. Marahaba, wanangu. — Macho yake hayakuwa kwetu, yalikuwa kwenye gari. — Hili ndilo lile lisilotumia petroli?

— Ndilo, — akajibu Mbaruku.

— Linafika Magomeni?

Elisaria alimtazama Filbert, Filbert akatazama ndani ya kikombe. Tulikuwa tumetoka Tunduma sasa hivi, tumepita Kitonga, tumegawa umeme mpakani. Magomeni hakuna aliyekuwa amepafikiria.

Kuruthumu akaeleza kwa pumzi moja. Mtoto wa marehemu dada yake, Sitara, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa ameozeshwa asubuhi ile, na alasiri alitakiwa apelekwe kwa mumewe, Magomeni Mapipa. Gari la kumpeleka lilikuwepo, kibali kilikuwepo, lakini dereva alikuwa ameleta habari kwamba amezunguka vituo vyote vya mjini na tangi ni kavu.

— Nilimwambia mtoto tangu mdogo, — akasema. — Wenzake walipokuwa wakipelekwa, anachungulia dirishani, ananiuliza, na mimi? Namwambia, wewe utatoka mlangoni kwangu kwa gari. Baba hana, mama hana, ahadi yangu kwake ni hiyo tu. Sasa nimpeleke kwa miguu na maua kichwani?

Mbaruku alitazama matairi, akatazama jua, akatazama viganja vyake.

— Mama, sikudanganyi. Linaweza kufika. Linaweza pia kutuaibisha katikati ya bonde la Jangwani.

— Litajaribu?

— Litajaribu.

— Basi lisogeze mlangoni.

Sijawahi kuona kijiwe kikitawanyika vile. Elisaria alikimbilia kitambaa cha kupangusia. Mimi nilikata utepe mweupe niliokuwa nimewekewa na mteja wa gauni, nikaufunga kwenye boneti. Na huyo mteja ningeongea naye baadaye. Bushiri alifunika birika akalibeba na makaa yake, akasema haachi kahawa nyuma. Filbert alisimama pale pale, mikono kiunoni, kisha akasema, "Matairi yana upepo mdogo, mnalichosha bure," akaenda kutafuta pampu ya baiskeli.

Sitara akatolewa. Alikuwa kajifunika shela, mdogo mdogo, ananukia asumini kutoka mbali. Vigelegele vikapasua mtaa, watoto wakaacha mpira. Akaingia nyuma, Kuruthumu pembeni yake, Mbaruku kwenye usukani. Watu wakangoja kusikia injini ikinguruma. Haikunguruma. Gari likaondoka tu, kama mtu aliyenyanyuka kwenye mkeka bila kuaga, na umati ukapiga ukelele.

Tulilifuata kwa miguu, wanawake wakiimba, sisi wanaume wa kijiweni pembeni kama walinzi. Barabara ya Msimbazi ilikuwa tupu kabisa. Mbaruku alilipeleka polepole ili waimbaji wasiachwe, na mimi nikiwa karibu na dirisha nilimwona anavyotabasamu peke yake. Niliwasikia watu wakitoka milangoni, "Limezimwa? Wanalisukuma?" na wengine wakijibu, "Hakuna anayelisukuma, tazama!"

Tulipofika Fire, penye kituo cha zimamoto, kabla ya kushika Barabara ya Morogoro, askari wa usalama barabarani akatoka kivulini akanyoosha mkono.

— Simama! Saa ngapi sasa hivi?

— Saa kumi, afande, — akajibu Mbaruku.

— Siku gani?

— Jumapili, afande.

— Kibali?

— Sina. Lakini amri ni ya kubana mafuta, na hili halitumii mafuta.

— Halitumii mafuta. — Askari alizunguka nyuma, akainama kutafuta bomba la moshi. — Moshi unatokea wapi?

— Hautoki.

Akafungua kifuniko cha nyuma. Alikuta betri zimejipanga na nyaya nene, akakifunga taratibu kama aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe. Akanusa tangi. Akagonga boneti. Sisi tumesimama, wanawake wameacha kuimba, jua linatembea. Mwishowe akainama dirishani.

— Bi harusi, nisamehe. Humu ndani umesikia injini?

Bi harusi hasemi njiani. Hilo kila mtu analijua. Lakini kutoka ndani ya shela ikaja sauti.

— Nimesikia moyo wangu tu, afande.

Kuruthumu alimfinya. Umati ukalipuka kwa kicheko, na askari akageuza uso upande wa pili, mabega yakimtikisika.

— Sikilizeni, — akasema alipojikaza. — Amri inasema gari. Kama hili ni gari au si gari, sikufundishwa. Likitembea, pitisheni. Likizimika katikati ya barabara kuu, limekuwa gari bovu lisilo na kibali, na mimi nitaliandika. Tumeelewana?

— Tumeelewana.

Kuteremka Jangwani kulikuwa raha. Gari liliserereka, Filbert akapiga kelele, "Likamate na mota! Likamate na mota lijaze!" na Mbaruku akamjibu kwamba bado hajafunga waya wa jambo hilo, atazame mbele. Bondeni napo tulipita vizuri. Ilipoanza kupanda kuelekea Magomeni, nikaona utepe wangu umeacha kupepea.

Gari lilikuwa linakwenda mwendo wetu. Kisha likawa nyuma yetu. Mbaruku akalisimamisha pembeni.

— Zimechoka, — akasema. — Zikipumzika kidogo zinarudisha nguvu. Lakini mzigo ni mkubwa kwa mwinuko huu.

— Tusukume, — akasema Elisaria, tayari amekunja mikono ya shati.

— Msiguse! — Kuruthumu alitoa kichwa dirishani. — Nimeahidi gari. Sikuahidi mkokoteni.

Nyuma kule, Fire, askari alikuwa ametoka tena barabarani, amekinga macho kwa kiganja, anatutazama. Mbaruku aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Na nadhani tungesimama vile mpaka magharibi, kama si Filbert. Alikwenda mbele, akafungua boneti, akatoa tairi la akiba, akaliweka begani. Akatoa jeki.

— Lori likishindwa mlima, — akasema kwa hasira, kana kwamba tumemkosea sisi, — hulitukani. Unalipunguzia. Hebu shusheni kila kitu kisichokuwa bi harusi!

Kiti cha mbele cha abiria kikafunguliwa nati kikatoka. Elisaria, karani wa wizara, akakitwika kichwani. Mimi nikapewa kisanduku cha kuchajia betri, kizito kama jiwe la kusagia. Sanduku la nguo za bi harusi likachukuliwa na mashangazi. Mlango wa nyuma ukafunguka, na Kuruthumu mwenyewe akashuka.

— Mama! — Sitara akasema kwa sauti, akamshika kanga.

— Kaa, mwanangu. Kaa ndani. Nilisema utakwenda kwa gari, sikusema mimi.

Akafunga mlango. Akabaki ameshika ukingo wa dirisha, na mkono wa mtoto ukatoka chini ya shela ukashika wake.

Mbaruku akakanyaga. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu matairi yakageuka, kidogo kidogo, mvumo mwembamba ukasikika kama wa nyuki ndani ya mtungi, na gari likapanda. Nilimsikia Filbert na tairi lake begani akinong'ona, "Haya mama, haya mama, bado kidogo, shika hapo hapo," na sijui kama alijua anasema na nani. Gari likafika juu. Likakunja kona. Wanawake wa Magomeni waliokuwa wamejipanga mlangoni kwa bwana harusi wakaliona linakuja bila sauti, likiwa na mwanamke mmoja nyuma kama malkia na msafara wa watu waliobeba kiti kichwani na tairi begani, wakasahau nyimbo walizoandaa. Kisha vigelegele vikaanza, na hapo Kuruthumu alilia waziwazi, akicheka.

Gari lilizimika mlangoni kabisa. Mbaruku hakulisimamisha, lilisimama lenyewe.

Sitara alipokwisha kuingizwa ndani, baba wa bwana harusi, Mzee Mwinyimvua, alitoka na kofia yake ya kazi ya mkono, akalizunguka gari, akauliza:

— Na mtarudije?

Tukatazamana. Mbaruku akakohoa.

— Mzee, umeme upo nyumbani?

— Upo.

— Kisanduku changu kikipata pa kuchomekwa, mpaka asubuhi litakuwa limeshiba.

— Asubuhi? — Mzee akatutazama mmoja mmoja, jasho, vumbi, kiti cha gari, birika la kahawa. — Basi nyinyi si wapitaji. Ingieni mle pilau.

Waya ukapitishwa dirishani, taa ya ukumbini ikafifia kidogo, harusi ikaendelea. Tulikaa uani, sinia mbele yetu, jua linatua. Mbaruku hakuwa anakula sana. Mwishowe akamgeukia Filbert.

— Kesho utakuja na mkokoteni saa ngapi?

— Kufanya nini?

— Betri.

Filbert alimeza tonge.

— Wewe unaniona mimi mtu wa kubomoa gari la harusi?

— Na lori lako?

Filbert akafinyanga tonge jingine, hakulipeleka mdomoni. Mbaruku akafikiri.

— Lori linataka betri za kuliwasha tu. Likishawaka, dinamo yake inatosha. Nitakuazima mbili mpaka upate zako. Ila ukishaliwasha usilizime.

— Nisilizime mpaka wapi?

— Mpaka Tunduma.

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na Bushiri akamimina kahawa ya mwisho, birika likabaki mashapo matupu.

Kufikia hapo habari ilikuwa imetembea Magomeni. Watu waliingia uani mmoja mmoja, wakiuliza nani mwenye gari lisilokunywa. Kijana mmoja mkewe alikuwa karibu kujifungua.

— Linafika Muhimbili?

— Linafika, — akasema Mbaruku.

Fundi seremala alikuwa na makabati ya kupeleka Ilala.

— Linafika Ilala?

— Makabati yasiwe mengi. Linafika.

Mtu mwingine akauliza Posta, mwingine Kinondoni. Mbaruku alijibu mpaka sauti yake ikakomaa, akawa sasa anakaa wima, na alipokatizwa alisubiri akamalizia sentensi yake. Mwisho akaja bibi mmoja mkongwe, akiwa ameshika fimbo, akasogea karibu kabisa.

— Mwanangu, linafika Bagamoyo?

Filbert aliacha kutafuna. Mbaruku aliinuka kwa heshima.

— Shikamoo, bibi. Bagamoyo hapana. Bado.

— Marahaba, — akasema bibi, na hakuonekana kuhuzunika hata kidogo. — Si neno. Nilikuwa nauliza tu. Bagamoyo sina mtu.